Vidole vya Mama Majani

Mtu anayechuma mboga za porini kila siku hana haja ya kujitangaza, vidole vyake vinatosha. Vya Mama Majani vilikuwa vyeusi kuanzia kwenye kucha mpaka pingili ya pili, weusi wa kahawia usiosikia sabuni wala ndimu wala majivu. Ni utomvu wa mchunga huo. Ukilikata jani la mchunga linatoa maziwa meupe, mazuri kuyatazama, ila yakikaukia kwenye ngozi yanageuka rangi na hayatoki mpaka yapende yenyewe. Siku binti yake wa pekee alipoolewa, alimkalisha mama yake juu ya ndoo asubuhi nzima akimsugua kwa brashi ya kufulia mpaka ngozi ikawaka moto, na bado kwenye picha za harusi vidole vinaonekana vile vile, vimeshika shada la maua. Binti alinuna siku mbili. Mama Majani alicheka mpaka akajishika mbavu.

Mumewe mtaa ulimwita Hamira, kwa kuwa alikuwa mwokaji mikate. Alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda kile kile cha mikate, na kila alipotoka kazini mikono yake ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko. Wakipita njiani wamefuatana, wenye midomo yao walisema mkaa umeolewa na unga. Hamira alikuwa na jibu lake moja tu: "Na bado mkate unaiva." Watu wanacheka, nao wanakwenda zao.

Kiwandani palikuwa na mizani nzuri ya kupimia chumvi, imetundikwa ukutani na kadi yake ya ukaguzi, lakini wafanyakazi waliuamini zaidi ulimi wa Hamira. Kabla ya unga uliokandwa kuingia kwenye mabati ya kuokea, mmoja wao alimletea kipande kidogo. Hamira anakiweka juu ya ulimi, anafumba jicho moja, halafu anasema, "Ongeza nusu kijiko," au "Leo nani ameachwa na mkewe? Chumvi yote hii ya nini?" Hakuwahi kukosea, au kama aliwahi, hakuna aliyethubutu kusema.

Sasa mtu mwenye ulimi wa namna hiyo, tena apendaye sukari kuliko nzi, ameoa mchuma mchunga. Mchunga ni mchungu, jamani, tusidanganyane. Ukiula bila kuuchemsha vizuri unakukunja uso mpaka masikio yanasogea. Mama Majani aliupenda hivyo hivyo, alilelewa nao, lakini Hamira mwezi wa kwanza wa ndoa alionja kijiko kimoja akakimbilia nje. Basi wakafanya mapatano. Mama Majani alikuwa akiuchemsha na kumwaga maji mara tatu. Maji ya kwanza yanatoka ya kijani iliyoiva kama wino, ya pili yana rangi ya chai, ya tatu meupe. Hapo uchungu wote umekwenda shimoni, na kwa maoni ya Mama Majani, mchunga wenyewe umekwenda nao.

"Sasa hii ndiyo mboga," Hamira alikuwa akisema huku akijipakulia. "Ile ya mwanzo ilikuwa adhabu."

"Ungezaliwa keki wewe," mkewe alimjibu.

Shamba la Mama Majani lilikuwa nyuma ya kiwanda cha mbao, kati ya ukuta na reli ya zamani ya kusukumia magogo. Nasema shamba lake ingawa hakuna aliyempa na wala hakupanda kitu. Maranda yaliyooza miaka na miaka yalikuwa yameifanya ardhi ile kuwa laini, na mchunga ukajiotea wenyewe, majani yake marefu yenye meno pembeni, na juu yake vijiua vya manjano. Wakulima wanaulaani mmea huu. Unaupiga jembe leo, mizizi inabaki chini, na mvua ikinyesha unaukuta umerudi na ndugu zake. Mama Majani aliupendea hilo hilo. Alichuma majani machanga kwa kucha, hakung'oa hata siku moja, na shina lililokwisha kutoa maua aliliacha kwa sababu majani yake yamekuwa magumu kama ngozi ya kiatu.

Wateja walimjia sokoni kila mmoja na sababu zake. Yuko aliyesema unamtuliza tumbo. Yuko aliyesema unashusha presha. Mwenye sungura alinunua mafungu mawili, moja la sungura na jingine la nyumbani, na watu wakimtania kwamba siku moja atachanganya sahani. Mama Majani hakumwahidi mtu uponyaji. "Mimi nauza mboga," alisema. "Dawa zipo hospitali." Kitu kimoja tu ndicho alichokuwa tayari kukisimamia, kwa sababu alikiona kwa mama yake mzazi na kwa wagonjwa wengi: mtu aliyechukia chakula, mchunga unamwamsha mate. Uchungu unagonga kwenye ulimi, mate yanatoka, na mate yakitoka tonge linapita.

Hamira alistaafu akiwa mzima. Mwaka haukuisha, akapata kijivimbe chini ya taya, kidogo kama haragwe. Alidhani ni jino. Akang'oa jino, haragwe likabaki, likakua. Hospitali wakakata kinyama wakapima, na daktari akawaita wote wawili ndani, jambo ambalo Mama Majani hakulipenda tangu alipoona kiti cha pili kimeshawekwa. Wakaambiwa ni saratani, na kwamba atachomwa mionzi siku tano kila wiki kwa wiki saba.

Kwenye chumba cha mionzi palikuwa na muuguzi mmoja mnene, mwenye sauti ya upole, ambaye kila Jumatatu alimpandisha Hamira kwenye mizani. Siku ya kwanza ilisoma kilo sitini na moja. "Mama," alimwambia Mama Majani, "mionzi itamkausha mdomo. Chakula kitamshinda. Lakini lazima ale. Akishuka chini ya hamsini daktari atasimamisha matibabu, na yakisimama ugonjwa unapata nafasi. Umenielewa?" Mama Majani alimwelewa vizuri kabisa. Kuanzia siku hiyo hamsini ikawa ndiyo namba aliyolala nayo na kuamka nayo.

Ladha iliondoka wiki ya pili. Wenzake wa zamani walikuja kumwona na mkate wa asubuhi, bado una joto. Hamira alikata kipande, akakitafuna kwa muda mrefu, akafumba jicho moja kama kawaida yake.

"Wamesahau chumvi," alisema.

Mama Majani alionja. Chumvi ilikuwepo, imekaa mahali pake. Alimtazama mumewe, mtu ambaye hakuwahi kukosea.

"Kweli," alisema. "Wamesahau."

Huo ndio uwongo wa kwanza, na ulimtoka kwa urahisi mno.

Wiki ya tatu Hamira alikuwa kilo hamsini na mbili. Mama Majani alipika supu, alipika uji, alipika wali akauponda mpaka ukawa maji. Hamira alikuwa akishika kijiko, anakitazama, anakirudisha kwenye bakuli. Alisema ni kama kula karatasi iliyoloweshwa, na kwamba hawezi kuilazimisha karatasi ishuke. Mama Majani alibembeleza, akakasirika, akalia, akaomba radhi, akabembeleza tena. Wali ulipoa mbele yao, na Jumatatu ilikuwa inakuja.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mama Majani alikuwa amejipikia mchunga wake, sufuria bado iko kwenye maji ya kwanza, naye ametoka kuanua nguo. Hamira alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, mdomo umemkauka, na hakutaka kumsumbua mkewe. Akachota kijiko cha maji yaliyokuwa karibu. Mama Majani alisikia mlio, akatupa nguo chini, akakimbilia ndani. Alimkuta mumewe ameukunja uso wote, machozi yanamtoka.

"Nisamehe, baba! Nisamehe, sikukuwekea maji ya kunywa, ni mimi..."

"Chungu," alisema Hamira.

"Najua, tema, tema!"

"Mke wangu, acha kelele. Chungu! Naisikia!" Akachota kijiko cha pili, akakunja uso tena, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Siku ile alikula bakuli zima. Mama Majani aliponda mchunga pamoja na viazi, akavunjia yai, akatia karanga zilizosagwa, na kila kitu kilichochanganywa na ule uchungu kilipita. Jumatatu mizani ilisoma hamsini na mbili na nusu. Muuguzi alikishika kile kijimshale cha mizani akidhani kimekwama. "Unampa nini, mama?" aliuliza, na Mama Majani akainua vidole vyake kumwonyesha.

Wiki nne zilizobaki zilikuwa, sijui niseme nini, karibu za furaha. Kila asubuhi Mama Majani alikwenda nyuma ya kiwanda cha mbao, na akirudi Hamira alimwita, akaushika mkono wake, akavitazama vile vidole kama mtu anayesoma kadi ya kiwandani. "Leo umevuna," alisema. Mwanzoni mkewe alimwaga maji mawili tu, baadaye moja, na mwishoni hakumwaga kabisa, kwa sababu ulimi ule ulikuwa unarudi nyuma na uchungu ulilazimika kuufuata. Hamira alikuwa akimtania. "Miaka thelathini na nne ulikuwa unamwaga starehe yangu shimoni, nami nimekaa tu nakutazama." Alimaliza mionzi yote akiwa na kilo hamsini na tatu. Muuguzi aliwapigia makofi mlangoni.

Miezi minne baadaye uvimbe ulirudi, mara hii pande zote mbili. Daktari alikuwa mtu mkweli. Alisema mionzi haiwezi kurudiwa, na dawa nyingine hazitamfaa mtu mwenye mwili ule. "Mrudisheni nyumbani. Mpeni anachokipenda. Maadamu anakula, mnaye." Alisema hivyo kuwafariji tu, mimi naamini hivyo, lakini Mama Majani aliyachukua maneno yale kama sheria. Maadamu anakula, ninaye. Binti alisema atakuja mwisho wa mwezi akipewa ruhusa kazini. Mama Majani akamwambia asiwe na wasiwasi, baba yake anakula vizuri.

Na kweli alikuwa anakula. Kidogo, mara mbili kwa siku, mchunga usiomwagwa maji, umepondwa laini. Akimaliza alikunja uso na kusema, "Huu leo ungeangusha tembo."

Kiangazi kikafika. Asubuhi moja Mama Majani alikwenda na kikapu chake, akakutana na harufu kabla hajafika. Mlinzi wa kiwanda, mzee mpole aliyemzoea siku nyingi, alikuja mbio akipunga mikono.

"Mama Majani! Leo usishike kitu hapa! Jana wamepulizia dawa ya magugu."

"Dawa gani? Nani kawaambia?"

"Tajiri mpya. Anataka kuweka mbao mpaka huku nyuma. Niliwaambia kuna mama anachuma hapa. Wakaniuliza kama huyo mama ana hati."

Mchunga wote ulikuwa umelala, majani yamejikunja, ncha zimeanza kuwa njano. Mama Majani alisimama palepale, kikapu mkononi, akitazama kuanzia mwanzo wa ukuta mpaka mwisho kama kuna shina moja lililosahauliwa. Hapakuwa nalo. Alikwenda kwenye ukuta wa shule, mbuzi walishapita. Alikwenda kwenye uwanja wa ghala bovu, jua limekausha kila kitu. Kando ya mtaro wa maji machafu aliuona mchunga mzuri, mnene, na hakuugusa, maana alijua umekunywa nini. Kwenye ua wa jirani palikuwa na mwarobaini, mchungu kuliko kitu chochote, akasimama mbele yake kwa dakika nyingi. Kisha akaona aibu. Ule haupikwi, na yeye si mtu wa kumwekea mgonjwa kwenye sahani kitu ambacho yeye mwenyewe hali.

Saa sita ilipofika alikwenda sokoni akanunua mchicha. Maisha yake yote hakuwahi kununua mboga ya majani. Muuza mchicha, shoga yake wa miaka mingi, alimpokea kwa vigelegele. "Haya njooni mwone! Simba kaja kununua nyama!" Mama Majani alijaribu kucheka, ikashindikana, akafunga mchicha wake kwenye khanga akaondoka.

Njiani alipanga maneno ya kusema. Baba, leo nimeukosa, nimekupikia mchicha, hautakuwa na ladha, jikaze kidogo, kesho nitakwenda mbali zaidi. Aliyarudia mpaka yakakaa sawa. Akapika, akaponda na kiazi, akatia karanga, akaenda kuketi kando ya kitanda. Kabla hajafumbua mdomo, Hamira alikuwa amekwisha kujiinua kwenye mto. Akaukamata mkono wa mkewe kama kawaida, akauachia, akapokea kijiko cha kwanza. Akafumba jicho moja. Akaukunja uso mpaka masikio yakasogea.

"Duh!" alisema. "Leo hukumwaga hata tone."

Mama Majani aliyameza yale maneno aliyoyapanga.

"Sikumwaga," alisema.

Akamlisha mpaka bakuli likaisha. Akatoka nje na sufuria, akageuza ndoo, akaikalia. Mchicha hauna uchungu hata kidogo. Kumbe ulimi ule ulikuwa umekufa, na mtu wake amekuwa akila karatasi iliyoloweshwa, kijiko kwa kijiko, na kukunja uso ili yeye afurahi. Tangu lini? Alianza kurudi nyuma, siku moja baada ya nyingine. Jana? Wiki iliyopita? Siku ile ya tembo? Hakuweza kujua ni sufuria ipi ya mwisho aliyoionja kweli, na kutojua kule kulimuuma kuliko mambo yote. Alilia akiwa ameufumba mdomo kwa khanga, ili asisikike ndani.

Akifikiria amwambie, aliona hivi: Hamira anakula kwa sababu anaamini kwamba mimi naamini. Nikimwambia najua, atakiweka kijiko chini. Na akikiweka chini, sinaye. Basi akapiga moyo konde, akaamua kuendelea.

Lakini mchuma mboga anayebaki nyumbani asubuhi ataulizwa. Kwa hiyo kila siku saa kumi na mbili na nusu Mama Majani alichukua kikapu chake, akamwachia mumewe redio na kikombe cha maji, akaaga. Alikwenda mpaka nyuma ya kiwanda cha mbao, akaketi juu ya gogo kutazama ardhi iliyokufa. Mlinzi alimletea chai.

"Mama, majani hayapo. Unangoja nini hapa?"

"Nangoja saa tatu ifike."

Mlinzi akamwongezea chai. Saa tatu ikifika Mama Majani alipita sokoni, akanunua mchicha, akarudi nyumbani akilalamika kwa sauti kwamba miiba imemchoma na kwamba siku hizi mchunga unaota mbali. Hamira alimpa pole. Akala. Akakunja uso. Wote wawili walikuwa waongo hodari, na kila mmoja alijiona ni yeye peke yake anayejua. Mambo yaliendelea hivyo asubuhi ishirini na moja.

Asubuhi ya ishirini na mbili, alipokuwa anajifunga khanga na kikapu kiko mlangoni, Hamira alimwita. Sauti yake ilikuwa imeshakuwa ndogo, ya kuisogelea.

"Leo usiende."

"Nitawahi kurudi, baba. Nachuma kidogo tu."

"Njoo ukae hapa."

Akakaa. Hamira aliushika mkono wake, akaugeuza juu na chini, akapitisha kidole gumba chake kwenye ncha za vidole vyake kimoja kimoja. Mama Majani naye akavitazama. Vilikuwa visafi. Vilikuwa vyekundu kidogo kwenye kucha, vidole vya mwanamke yeyote yule.

"Siku za harusi ya binti yetu vilishindikana kwa brashi," alisema Hamira. "Sasa wiki tatu bila mchunga, havina hata doa."

Mama Majani alitaka kuuvuta mkono, Hamira hakuuachia.

"Siku ya kwanza tu niliviona," Hamira aliendelea. "Havikuwa na utomvu mbichi. Na ulikuwa na uso wa mtu anayekuja kuomba msamaha. Nikajua umeukosa."

"Na ulimi?"

"Ulimi ulikwisha zamani. Ule wa tembo sikuusikia. Macho ndiyo yalibaki."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, asubuhi ungeamka uende wapi?" Alipumzika kidogo apate pumzi. "Nilikuwa nakuona unavyochukua kikapu. Nikasema mwache, ana kitu cha kumtafutia mumewe. Akikaa hapa atanitazama tu ninavyoisha. Na wewe mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kula."

Hamira alijaribu kucheka, ikatoka kikohozi. "Lo," alisema. "Basi mimi nimekula mchicha wiki tatu kwa ajili yako, na wewe umenunua mchicha wiki tatu kwa ajili yangu. Muuza mchicha ametuweza." Kisha akamuuliza, "Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nakaa kwenye gogo. Nangoja saa tatu."

Hamira aligeuza kichwa. Macho yake yalitua kwenye kikapu mlangoni, na Mama Majani akamwona anahesabu, kwa sababu yeye pia alikuwa anahesabu. Kutoka saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu, mara ishirini na moja. Yeye kwenye gogo, mwenzake na redio.

"Nami nilikuwa macho muda wote huo," Hamira alisema.

Siku ile hakupika kitu, na Hamira hakuombwa kula. Walikaa. Walizungumza juu ya binti yao alipokuwa mdogo, juu ya mwokaji mmoja aliyewahi kusinzia akaunguza mabati arobaini, na juu ya mwezi wa kwanza wa ndoa. Aliposinzia, mkewe alibaki palepale. Kesho yake binti alifika, na Hamira alimtambua, akamwuliza kama huko anakoishi mikate ina chumvi. Keshokutwa yake, saa mbili asubuhi, alikata roho, mkono wa Mama Majani umo mkononi mwake.

Mvua zilinyesha miezi miwili baadaye. Mama Majani hakuwa amekwenda kule kwenye kiwanda cha mbao, hakuwa na la kufanya huko. Ni mlinzi aliyekuja kubisha hodi. "Njoo uone," alisema. Tajiri mpya alikuwa amebadili mawazo, mbao amezipeleka kwingine, na kati ya ukuta na reli, katika ardhi ile ile iliyonuka dawa, mchunga ulikuwa umetoka chini, mchanga kabisa, kila shina limeshapata mwenziwe. Mama Majani aliutazama kwa hasira. Alisema ungekawia tu, ungekaa chini huko huko, kuliko kuja sasa. Mlinzi alidhani anasema na yeye, akaomba radhi.

Hakuuchuma msimu ule, aliihofia ile dawa. Msimu uliofuata alianza, na vidole vikarudi vyeusi.

Jumatatu moja mwanamke mgeni alimjia sokoni, mdogo kwa umri, macho yamemvimba. Alikuwa ameelekezwa na muuguzi wa mionzi. Mumewe ni fundi wa baiskeli, yuko wiki ya tatu, chakula kimemshinda, na mizani imesoma hamsini na moja. "Muuguzi ameniambia nimtafute mama mwenye vidole vyeusi," alisema.

Mama Majani alimkalisha kwenye ndoo. Alimwonyesha jani changa na jani lililokomaa, namna ya kuchuma kwa kucha bila kung'oa, na mahali pa kuchuma na mahali pa kuogopa. Alimweleza habari za viazi, yai na karanga. "Siku ya kwanza mwaga maji mara mbili. Akiuzoea mwaga mara moja. Baadaye acha kumwaga. Mimi sikuahidi kwamba atapona, hilo waulize wenye kazi yao. Utamwamsha mate, basi."

Mwanamke alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno, ameshaushikilia mchunga kifuani kama mtoto. Alisimama, akashukuru, akaenda hatua chache, halafu akageuka.

"Mama, na siku nikiukosa, niende kuutafuta wapi?"

Mama Majani alivitazama vidole vyake.

"Ukiukosa," alisema, "rudi nyumbani, mwanangu. Mwambie umeukosa, halafu kaa naye."